Blanketi la Mjane

Tuulizane neno moja: kitu kilichoshonwa ili kimfunike mtu, kikitundikwa ukutani, kimeheshimiwa au kimenyang'anywa kazi yake?

Kule Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, cha wajukuu wa watumwa. Wanawake wake hushona mablanketi ya viraka. Mwaka 1942 mjane mmoja, Missouri Pettway, alitwaa nguo za kazi za marehemu mumewe, suruali na mashati ya shambani, akashona blanketi apate kumkumbuka na kujifunika humo kwa mapendo. Binti yake alimsaidia kuzichana. (Aliyepata kushika koti la baba aliyekufa ajua kazi hiyo ni nzito.)

Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalitundikwa katika jumba la Whitney, mjini New York, wataalamu wakayasifu sawa na picha za wachoraji wa siku hizi. Wengine wananung'unika: hapo hayampashi mtu joto, tena hakuna ruhusa ya kuyagusa. Neno lao lina kweli. Lakini twaona wamekosa wakidhani uzuri uliingia siku ya kutundikwa. Mjane yule alipoweka kipande kilichopauka hapa, cha rangi nzito pale, alikuwa akichagua. Baridi peke yake haikumdai achague. Basi wataalamu hawakumpa sanaa, walichelewa kuiona.

Nasi je? Miaka mingi tumelalia mikeka ya mama zetu, wala hatukuwauliza kwa nini waliweka mstari mwekundu pembeni.