Ushindani Haumwondolei Mwenye Baa Dhamana

Anayefungua baa Nairobi au Dar es Salaam huukuta mtaa umejaa wenzake. Kodi ya pango, leseni na mishahara havingoji wateja, na bia anayouza ndiyo hiyohiyo inayouzwa baa ya jirani. Kwa kuwa kinywaji hakimtofautishi na wengine, ni rahisi atafute faida kwa kukesha kupita saa halali, kukopesha, na kumwongezea chupa mtu ambaye tayari anapepesuka. Je, ugumu wa soko unampunguzia dhamana ya madhara anayoyaona yakija? Nasema haumpunguzii hata kidogo.

Dini zetu zinatofautiana kuhusu pombe. Uislamu umeiharamisha, na Hadithi zinamlaani muuzaji pamoja na mnywaji. Biblia inasimulia divai ya arusi ya Kana, lakini nabii Habakuki anamtangazia ole anayemnywesha jirani yake hadi alewe. Kwa hiyo hata wasiokubaliana juu ya kikombe wanakutana kwenye mkono unaokitoa: anayemlevya mwenzake ana hesabu ya kujibu.

Wapo watakaosema, “Nisipomuuzia mimi, atamuuzia jirani.” Hoja hiyo ikikubaliwa, kila muuzaji atajitoa lawamani na madhara yatabaki bila mwenyewe. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa Embu, Kitui na kwingineko kwa pombe yenye methanoli. Kuwapo kwa wauzaji wengi hakukumsafisha hata mmoja wao. Wengine watasema mnywaji ni mtu mzima, ana hiari yake. Ni kweli, lakini hiari husimama juu ya akili, na pombe huanza kwa kuiondoa akili hiyo. Chupa ya kwanza aliichagua. Ya kumi hakuwa na uwezo wa kuipima. Tena mkewe na watoto wanaolala njaa hawakuchagua lolote. Ajira na kodi ya serikali zinazotokana na baa ni manufaa ya kweli, ila hayalipi deni la madhara hayo. Sheria ya Kenya ya 2010, iliyoweka mwisho wa mauzo ya baa saa 5 usiku, inasaidia kwa sababu inawabana washindani wote pamoja; lakini hakuna sheria inayoweza kusimama kwenye kila kaunta.

Basi wewe unayetaka kufungua baa, kabla ya kulipia pango piga hesabu ya mauzo bila chupa za waliokwisha kulewa. Hesabu isipotosha, usifungue.