Je, Asiyeona Ana Hatia?

Twazoea kuisifu nuru na kulilaumu giza. Mwenye elimu twasema ana mwanga. Asiyejua twasema yumo gizani. Usemi huu si mbaya, lakini umefunika swali ambalo yatupasa sisi walimu kulitafakari: mtu aliyewekewa kitu mbele yake asikione, je, ana hatia?

Tuwatazame wavuvi wa Rumonge, mji ulioko kando ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Huko ndagala huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta samaki karibu na uso wa maji. Zamani zilitumika karabai. Siku hizi zimeenea taa za umeme. Mwezi ukiwa mpevu nguvu ya taa hupungua, na wavuvi wengi hupumzika. Basi katika usiku wa kiza, mvuvi akiondoa macho kwenye taa yake na kutazama ziwani, haoni kitu. Mtumbwi usio na taa waweza kupita karibu naye asiutambue, hali aliyemo mtumbwini humo amwona yeye waziwazi. Mwenye nuru haoni. Aliye gizani aona.

Sababu imo ndani ya jicho. Mboni hutanuka gizani na kusinyaa penye mwanga, na hilo ni jambo la sekunde chache. Lakini nyuma ya jicho, katika retina, mna chembe za aina mbili: zile za mchana, zitambuazo rangi, na zile za mwanga hafifu. Hizi za pili zina rodopsini, kemikali ambayo mwanga mkali huivunja, nayo hujijenga upya polepole gizani. Kwa hiyo atokaye gizani kwenda juani huzoea upesi, katika dakika chache tu. Bali atokaye juani kuingia gizani huhitaji dakika 30 au zaidi. Hakuna kemeo liwezalo kuufupisha muda huo.

Plato, katika kitabu cha saba cha Jamhuri, alikwisha kueleza kuwa macho hutatizika kwa njia mbili, kwa kuingia nuruni na kwa kuingia gizani, na kwamba mwenye busara hamcheki aliyetatizika kabla ya kuuliza ametoka wapi.

Mtoto aliyelelewa kwa Kirundi huingia darasa la Kiswahili akapepesa macho. Mwalimu, aliyekaa karibu na taa yake, husema: huyu hajui kitu. Kumbe mtoto huyo anajua umuntu na abantu. Ngeli zimo kinywani mwake tangu utotoni, na mtu na watu si wageni kwake. Asiyeona hapo ni nani?

Huenda mtu akasema kwamba subira ya namna hii itawalea wavivu. Twakubali kuwa wapo wasiotaka kutazama. Lakini uvivu hauwezi kuthibitishwa kabla muda wa macho kuzoea haujapita. Tena wapo ambao hata wakingojewa hawataona. Rodopsini hutengenezwa kwa vitamini A, na mwili unaoikosa hupatwa na upofu wa usiku. Mtu wa namna hiyo hahitaji kungojewa tu, ahitaji kulishwa. Mawese mekundu, ambayo wakazi wa Rumonge wanayajua vyema kwa michikichi yao, yana kwa wingi kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini hiyo. Vivyo hivyo mwanafunzi asiye na kitabu, au asiyepata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, hatafaidika kwa kungojewa peke yake.

Kwa maoni yetu, basi, asiyeona hana hatia mpaka apewe muda na chakula cha macho. Na wajibu wa kwanza ni wa mwenye taa: akumbuke kwamba taa yake humwonyesha yeye kwa wengine kuliko inavyomwonyesha wengine. Kabla ya kuandika kwamba mwanafunzi hajui, na aipunguze kidogo, atulie, atazame tena.