Agano Lisiingojee Karamu

Katika sharika za Shinyanga na Geita liko neno ambalo wazee wa kanisa na wainjilisti wengi wamekwisha kuliona. Mume na mke wakaa nyumba moja, wamezaa watoto, wala hapana kizuizi. Lakini hawaji kufunga ndoa kanisani. Tukiwauliza sababu, wajibu, "Hatujapata fedha za sherehe." Nasi twawazuia Meza ya Bwana. Je, kosa hili ni lao peke yao?

Na tulitazame jambo lenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka tangazo la siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili. Kanisa lataka ahadi mbele za Mungu. Ukumbi na mapambo havikutajwa. Lakini siku hizi huundwa kamati, na kadi za mchango hupelekwa zikiwa na kiasi kilichokwisha kupangwa. Asiyelipa hana nafasi mezani. Mchimbaji mmoja akipata dhahabu, aalika mtaa mzima. Jirani yake aliyekosa aona haya kuoa kwa chai na maandazi, naye aahirisha mwaka hata mwaka.

Wengine watasema, "Wazee wetu Wasukuma nao walichinja ng'ombe, wakala pamoja." Ni kweli, na kusaidiana ni kwema. Lakini wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Kitu kilichopangiwa kiasi, na mlinzi akawekwa mlangoni kukidai, si kipaji tena, ni bei.

Huko Kana divai ilipotindika, Bwana hakuwadai wageni kitu. Aliagiza mitungi sita ya mawe ijazwe, akamwondolea mwenye arusi aibu yake. Sisi twamwongezea maskini aibu, kisha twamtenga kwa sababu ameona aibu.

Nasi wachungaji tuungame: mara nyingi tumeketi meza ya mbele, tukabariki chakula, wala hatukuuliza ni nani aliyebaki nje.

Basi, kila baraza la wazee na liwatembelee watu hao mwezi huu. Tangazo na litolewe, wafunge ndoa katika ibada ya Jumapili, na usharika uwapikie chakula kile ulicho nacho. Mwenye kutaka kutoa na atoe, kiasi chake kisitangazwe. Mlango na uachwe wazi.