Senti Mbili za Mjane na Deni Letu



Kila sikukuu ya mavuno twaona mbele ya madhabahu mikungu ya ndizi, mahindi, kuku na mayai. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa, na fedha zake hutiwa katika mfuko wa usharika. Desturi hii ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mara nyingi siku hiyo twasikia habari ya mjane wa Marko 12:41-44, nasi twaifasiri upesi: mjane alitoa vyote, basi nawe usiufumbe mkono wako. Mafundisho haya ni ya kweli, walakini si yote.

Tuyaangalie maneno yanayotangulia. Katika mstari wa 40 Bwana wetu awaonya waandishi wanaokula nyumba za wajane, huku wakisali sala ndefu ili waonekane. Mara baada ya onyo hilo aketi kulielekea sanduku la hazina, amwona mjane maskini akitia vipande viwili vya fedha iliyo ndogo kabisa. Je! jioni ile mjane huyu alikula nini? Injili haituambii. Lakini Bwana hakuhesabu kile alichokitia tu, alihesabu na kile alichobaki nacho, nacho hakikuwa kitu. Wengi waliweza kuiona fedha. Yeye alimwona mwenye kuitoa.

Kanisa la kwanza nalo lilijifunza neno hili kwa uchungu. Watu waliuza mashamba yao, sadaka zikawa nyingi; hata hivyo twasoma katika Matendo 6 ya kuwa wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea wale walionung'unika. Waliwaagiza ndugu kuchagua watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, ili mkate uwafikie wote.

Vivyo hivyo baba zetu wa Matengenezo. Mwaka 1523 Wakristo wa Leisnig, mji mdogo wa Sachsen katika Ujerumani, waliweka sanduku la shirika, na Martin Luther akaliandikia utaratibu wao dibaji. Sanduku lile lilikuwa na makufuli 4, na funguo zake ziligawanywa kwa makabaila, baraza la mji, raia wa mjini na wakulima wa vijijini, mtu asiweze kulifungua peke yake. Wasimamizi walikuwa 10, na katika hao wakulima walikuwa 3. Mali yake ilikuwa ya kuwatunza wachungaji na shule, tena wazee, wagonjwa, yatima na wenye nyumba waliopatwa na umaskini. Ndipo baraza la mji lilipokataa kuiachilia mali iliyokuwa mikononi mwake, na kazi ikazuilika. Basi tusidhani ya kuwa utaratibu mzuri watosha, kama mioyo haijafunguliwa.

Sasa tujihukumu wenyewe, sisi tuandikao kwanza. Tukimwona bibi mzee aleta yai moja kanisani, twafurahi, twamsifu, hata twashindana kulinunua mnadani kwa bei kubwa. Kisha twarudi nyumbani kwetu. Ni nani amfuataye bibi yule mpaka mlangoni pake, aone kama paa lavuja, kama kuni zipo, kama chunguni mna kitu? Tukiipokea sadaka ya mjane na kumwacha alale na njaa, twafanana na nani katika sura ile ya Marko?

Hatusemi mjane akatazwe kutoa. Hasha! Bwana hakumzuia, wala sisi hatuna ruhusa ya kumnyima furaha yake. Twasema hivi: sadaka yake imetuachia deni. Kwa hiyo, enyi wazee wa usharika, mnapokwisha kuzihesabu fedha za Jumapili, zihesabuni na nyumba zenye shida katika mtaa wenu. Nanyi mlio na nguvu, chukueni debe la mahindi au mzigo wa kuni, mwende kabla jua halijatua, wala msitangaze.

Kristo, aliyekuwa tajiri, alikuwa maskini kwa ajili yetu. Yeye angali ameketi akilielekea sanduku letu, naye atuona sote, tutoao na tupokeao. Na atupe macho kama yake. Amin.