Nasaha kwa Mwenye Kuona Haya kwa Vitabu Asivyovisoma

Ndugu msomaji, nasaha hizi ni zako wewe uliyewahi kukaa katika kikao cha watu wa vitabu, likatajwa jina la Kusadikika au la Al-Inkishafi, nawe ukainamisha macho usije ukaulizwa. Umesoma shule, pengine una shahada, pengine unafundisha Kiswahili chenyewe, na bado kila likitajwa jina la kitabu kikubwa moyo unakusuta. Wenye mzigo huu ni wengi, na aghalabu ni watu wema wanaoipenda lugha yao, kwani asiyeipenda hasutwi. Lakini haya hiyo isipotunzwa kwa adabu huzaa mabaya mawili: uongo mbele ya watu, na kinyongo dhidi ya vitabu vyenyewe. Nimeziandika nasaha hizi ili uutue mzigo kwa heshima, kisha usome.

Nasaha ya kwanza: Sema kweli

Usidai kukisoma kitabu ambacho hukukisoma. Uongo huu huonekana mdogo kwa kuwa haumwibii mtu fedha wala haumvunjii mtu nyumba. Mwenzako anauliza, "Unamkumbuka Karama wa Kusadikika alivyojitetea barazani?" Unatikisa kichwa, unatabasamu, mazungumzo yanaendelea. Hasara yako ni kubwa kuliko unavyodhani. Mtu yule alikuwa tayari kukusimulia kwa nini mashtaka ya Karama yalimkosesha usingizi, na pengine angekuazima nakala yake. Umejinyima yote mawili kwa kutikisa kichwa mara moja. Tena njia ya mwongo ni fupi: swali la pili likija huna pa kushika. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayekijua kitabu kwa jina tu huumbuka kwa jambo dogo ambalo kila msomaji wake analijua.

Jibu la adabu ni jepesi. Sema, "Bado sijakisoma. Wewe kilikugusa wapi?" Kwa maneno hayo umesema kweli, umempa mwenzako heshima ya kuwa mwalimu wako kwa dakika chache, nawe umeondoka na faida.

Wakubwa wametutangulia katika adabu hii. Mwaka 1873 Karl Marx alimpelekea Charles Darwin nakala ya kitabu chake Das Kapital. Darwin wakati huo alikuwa mwanasayansi mwenye jina duniani kote, na angeweza kujibu kwa sifa za juujuu. Badala yake aliandika barua ya shukrani, akasema angetamani kuistahili zaidi zawadi ile kwa kuielewa vyema elimu ya uchumi. Zama zile vitabu vilitoka kwa mchapishaji kurasa zikiwa zimeshikana, msomaji akizikata mwenyewe kwa kisu, na katika nakala ile ya Darwin sehemu kubwa ya kurasa haikukatwa. Hakukisoma chote, wala hakudai. Alishukuru, akakiri mpaka wa elimu yake, akaendelea na kazi yake. Hakupungukiwa na kitu.

Nasaha ya pili: Pima hatia yako kwa haki

Hatia ni ya mtu aliyevunja amana au aliyemnyima mwenzake haki yake. Jiulize basi: kwa kutosoma Adili na Nduguze, ni nani uliyemdhulumu? Mtunzi wake, Shaaban Robert, alifariki mwaka 1962. Alituachia urithi, hakutuachia deni. Aliyerithi shamba kubwa halaumiwi kwa kuwa hajalilima lote kwa msimu mmoja.

Lakini wako ambao kusoma kwao ni wajibu, na kwao nasema bila kulainisha. Mwalimu anayefundisha riwaya kwa kutegemea mwongozo, naye riwaya yenyewe hajaifungua, anawanyima wanafunzi haki yao. Mhakiki anayepitisha hukumu juu ya kitabu alichokisikia kwa wengine anamdhulumu mwandishi. Mhariri, mtahini, na jaji wa tuzo wamo katika kundi hili. Ukiwa mmoja wao, haya unayoiona ni sauti ya haki. Isikilize, usome kabla ya kusema. Ukiwa si mmoja wao, kusoma kwako ni fadhila unayoifanyia nafsi yako, na fadhila haidaiwi kwa masuto.

Nasaha ya tatu: Kijue kilichokuzuia

Wengi hujiita wavivu kabla hawajauchunguza ugonjwa wao. Chunguza. Huenda kilichokuzuia ni mtihani. Tulio wengi tulikutana na fasihi darasani: huku Tanzania Takadini, Ngoswe na Watoto wa Mama N'tilie, kule Kenya Utengano, Siku Njema, Kigogo na Chozi la Heri. Tuliingia vitabuni kuwinda dhamira, migogoro, wahusika na tamathali za usemi, kwa kuwa ndivyo tulivyoulizwa. Mtihani ulipokwisha tukavifunga, na wengine tukadhani kusoma ndiko huko. Mtu aliyezoezwa hivyo hushika riwaya ukubwani na kusikia tena harufu ya chumba cha mtihani. Dawa yake ni kusoma bila kalamu mkononi, bila kutafuta ujumbe, mpaka hadithi imchukue. Dhamira itakuja yenyewe.

Huenda kilichokuzuia ni lugha. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Utendi wa Mwana Kupona ni tungo za Kiswahili cha kaskazini, cha Pate, Siyu na Lamu, na ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mzaliwa wa Dodoma au Nakuru akikwama katika ubeti wa tatu hajapungukiwa na akili. Amepungukiwa na ufafanuzi. Tafuta chapa yenye sherehe na maelezo ya msamiati, au mwombe mtu wa Lamu akusomee.

Na huenda kilichokuzuia ni kitabu chenyewe kutopatikana. Maduka yetu mengi ya vitabu huishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ikitoka katika mtaala hutoweka rafuni. Hilo si kosa la msomaji. Nenda maktaba: Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, maktaba za mikoa, maktaba za umma za Kenya. Uliza kwa wauza vitabu vya mitumba. Uliza walimu wastaafu, maana kabati zao huficha hazina. Kuuliza si ujinga.

Nasaha ya nne: Lipe sikio haki yake

Usidhani kwamba kitabu huingia kwa jicho peke yake. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake Mwana Hashima, na wanawake wa pwani waliupokea kwa sikio na kuuhifadhi kwa moyo kizazi baada ya kizazi. Tenzi zetu zilighaniwa; mizani na vina vimewekwa humo ili ulimi uteleze na sikio likumbuke. Anayeusoma utenzi kimyakimya, haraka haraka, ndani ya daladala, ameuvua nguo zake, kisha analalamika kwamba hauna uzuri.

Soma kwa sauti. Soma beti kumi kila usiku, wewe na mwenzio, au wewe na watoto. Al-Inkishafi ni utungo ambao mshairi anauasa moyo wake mwenyewe, akiutazamisha magofu ya majumba ya Pate yaliyowahi kujaa taa na wageni. Wasia wa namna hiyo haukutungwa uishe kwa pumzi moja.

Na ikiwa hadithi uliiona kabla ya kuisoma, usione aibu pia. Aliyetazama filamu ya Vuta n'kuvute iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021 ameshafahamiana na Yasmin na Denge. Asiseme ameisoma riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, ila aifungue akiwa na wenyeji wawili ndani.

Nasaha ya tano: Ingia kwa mlango ulio wazi

Kosa la wengi ni kutaka kulipa haya yao yote kwa siku moja, kwa hiyo huanza na kitabu kigumu kuliko vyote. Mtu anasikia sifa za Euphrase Kezilahabi, anakimbilia Nagona ya mwaka 1990, riwaya fupi iliyojaa ishara na falsafa, anapotea katika kurasa za mwanzo, kisha anaapa kwamba Kezilahabi si wake. Angeanza na Rosa Mistika ya mwaka 1971, ambayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa jinsi ilivyosema waziwazi juu ya malezi na anguko la msichana, angeisoma kwa siku chache. Kisha Kichwamaji ya mwaka 1974. Akifika Nagona atakuwa ameizoea sauti ya mwandishi, na maswali yake hayatamshtua.

Kwa Shaaban Robert, anza na Wasifu wa Siti binti Saad, kisa cha mwanamke wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyedharauliwa kwa asili yake kisha akaimba taarab hadi akarekodi santuri kule Bombay mwaka 1928. Kisha chukua Kusadikika ya mwaka 1951. Ni kitabu kidogo. Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta kheri kwa ajili ya nchi, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Muhtasari huo waweza kuupata popote. Usichoweza kukipata kwenye muhtasari ni subira ya Karama, mjumbe baada ya mjumbe, mpaka msomaji mwenyewe anaanza kuona uchungu wa nchi inayowafunga watu wake wema.

Kitabu kikikushinda, kiweke chini kwa adabu. Usikitukane, wala usijitukane. Vipo vitabu vinavyomngoja mtu afiwe, azae, au azeeke kidogo, ndipo vifunguke.

Nasaha ya sita: Usividharau ulivyovisoma

Anayejisuta kwa asivyovisoma husahau alivyovisoma. Wewe uliyekesha na Willy Gamba wa Elvis Musiba, uliyekata hadithi za mfululizo magazetini ukazihifadhi, uliyesoma Abunuwasi mpaka karatasi zikachanika, wewe ni msomaji. Kumbuka kwamba Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ni hadithi ya upelelezi, na leo hakuna anayeandika historia ya riwaya ya Kiswahili akamwacha mpelelezi wake, Bwana Msa. Kilichosomwa kwa furaha jana hufundishwa vyuoni leo. Mapenzi yaliyokupeleka kwenye hadithi zile ndiyo yatakayokupeleka kwenye riwaya za Kiu, Utengano na Kuli. Yatunze.

Nasaha ya saba: Usimwaibishe asiyesoma

Sasa nasema nawe uliyesoma. Haya tunayoizungumzia haikuzaliwa yenyewe. Mara nyingi imepandwa na mtu. Ipo sauti ile ya mshangao, "Hujasoma Shaaban Robert? Na wewe unajiita Mswahili?" Aliyeitoa hudhani ametetea fasihi. Amefunga mlango. Aliyeulizwa hivyo mbele ya watu atajifunza kusema uongo au kukimbia vikao vya vitabu, na yote mawili ni msiba kwa lugha.

Mwanafunzi akikuambia hajasoma, furahi. Ana safari ambayo wewe hutaipata tena, ile ya mara ya kwanza. Mwambie, "Una bahati." Msimulie kidogo, umwachie hamu. Mzee akikiri kwamba hakupata nafasi ya kusoma, mwombe akusimulie ngano au mashairi aliyohifadhi, maana huenda kifuani mwake mna utenzi ambao haujawahi kuchapishwa. Elimu isiyokuwa na upole huwafukuza wanaoihitaji.

Nasaha ya nane: Azima, na urudishe

Kitabu kikubwa kisitiwe ndani ya kabati la vioo ili wageni waone migongo yake. Azima watu. Andika jina lako ukurasa wa kwanza na uazime kwa moyo mweupe. Nawe uliyeazimwa, usikunje kurasa, usikipe mwingine bila idhini, na ukirudishe hata kama hukukimaliza. Kurudisha kitabu nusu umekisoma si aibu. Aibu ni kukaa nacho miaka kwa kuogopa kuulizwa.

Haya, ndugu yangu, umezisikia. Vitabu vya Kiswahili ni vingi kuliko umri wa mtu mmoja, na hakuna mwanachuoni aliyevimaliza. Acha kuhesabu usivyovisoma. Chagua kimoja wiki hii, kile ambacho jina lake limekusumbua kuliko vyote, kitafute, ukifungue ukurasa wa kwanza, na usome kwa sauti. Ukiulizwa kabla hujakimaliza, jibu kwa kichwa kilichoinuka: "Ndiyo kwanza nimeanza."