Tafakuri ya Leo: Aliye Mkononi Mwako



Jana baada ya futari nililitoa stoo tangi langu la samaki, lile la kioo. Miaka saba halijashika maji. Zamani nilifuga humo furu wa ziwani, kutoka upande wa Busega. Safari za biashara zikazidi, kila siku nikawa nasema nitawaangalia kesho. Wakafa mmoja mmoja.

Sasa watoto wanataka tuanze tena, na mimi hamu imerudi. Lakini je, hamu inatosha?

Tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie. Na samaki wa kwenye kioo ataenda wapi kujitafutia?

Toba si kujuta tu, ni kubadilika. Basi tutaanza na samaki wawili. Tangi jipya halina bado vile vijidudu vinavyosafisha uchafu wao. Ukiwajaza siku ya kwanza, maji yanageuka sumu. Kila wiki tutabadilisha robo ya maji, si yote. Na nikisafiri, wa kuwalisha anajulikana kabla sijafunga begi.

Ndugu yangu, kabla ya adhana ya magharibi leo jiulize: ni nani riziki yake imepitishwa mkononi mwako, mzazi, mtoto, kibarua au hata ng'ombe zizini, nawe kila siku unamwambia kesho?

Allah atutakabalie swaumu zetu. Amin.