Mzimu wa ziwa na swali la "umetoka wapi?"

Ndani ya Ziwa Tanganyika kuna mnyama ambaye ukimwona mara ya kwanza utasema ni mzimu. Hana mfupa, hana damu, hana moyo, hana ubongo. Mwili wake ni kisahani cha maji kilicho wazi kama kioo, upana wake kama sentimita 2, na pembeni ananing'iniza nyuzi nyembamba nyingi. Ukimchota na kumweka kiganjani anakuwa ute tu, hata hujui umeshika nini. Wenzake wa baharini watu wa pwani wanawaita konyeza, na wale wanawasha ngozi. Huyu wa kwetu akikugusa hata husikii. Kwa kukosa jina lingine nitamwita konyeza wa ziwa, ingawa bibi yangu, aliyezeekea Buyenzi, alikuwa na jibu fupi zaidi: "Achana nayo hiyo, ni muzimu ya maji."

Nataka kumzungumzia kwa sababu kuna swali aliloulizwa kwa miaka mingi, na ni lile lile tunaloulizwa sisi. Lakini kwanza tumtazame anavyoishi. Nitaeleza baadaye kwa nini nimeweka hilo mbele.

Watu wanadhani kuelea ni uvivu. Si kweli. Konyeza ni mzito kidogo kuliko maji, kwa hiyo akiacha kufanya kazi anazama. Anajikunja na kujikunjua kama mwavuli unaofungwa na kufunguliwa, anapanda, anapumzika, anashuka, anaanza tena. Na chini yake si mahali pa kuzamia. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, lakini hewa ya oksijeni inapatikana katika tabaka la juu tu. Kule chini maji ni meusi na hakuna samaki anayeweza kuishi. Kwa hiyo yule unayemwona anaelea bila haraka yuko kazini, juu ya shimo.

Anakula vidudu vidogo vya majini, vile vile ambavyo ndagala wanavila, maana yake wako kwenye sahani moja. Watafiti wamekuta pia ndani ya mwili wake bakteria wadogo sana wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kama mtu anayetembea na kashamba kake mgongoni. Ana njia mbili za kuzaa. Kuna dume na jike kama kawaida, lakini pia mtoto anaweza kuchipuka kutoka mwilini mwa mzazi, karibu na mdomo, akakua pale pale, kisha akajitenga na kwenda zake. Mimi hilo la kuchipuka ndilo linalonishangaza kuliko yote. Limepita hivi hivi bila kelele, kwa sababu wageni waliokuja kumtafuta walikuwa na swali lingine.

Mwaka 1883 Mjerumani mmoja, Richard Böhm, aliwaona konyeza hawa ziwani. Mwaka 1893 Mwingereza R. T. Günther akaandika maelezo yake na kumpa jina la kisayansi, Limnocnida tanganyicae. Huko Ulaya wasomi wakashtuka: konyeza ni mnyama wa bahari, sasa anafanya nini katikati ya Afrika, mbali kabisa na chumvi? Na konokono wa ziwa hili nao wana magamba yanayofanana na ya baharini. Mwingereza mwingine, J. E. S. Moore, akaja mara mbili kuchunguza, na mwaka 1903 akatoa kitabu akieleza kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale, ya enzi ya Jurasi. Yaani konyeza wetu ni mtu wa bahari aliyeachwa nyuma maji yalipoondoka.

Wazo zuri, lakini halikusimama. Wanasayansi leo wanakadiria umri wa ziwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, na enzi ya Jurasi iliisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Ziwa halikuwepo. Tena ndugu zake konyeza huyu walikuja kupatikana katika Ziwa Victoria, katika mto Niger, hata India, wote katika maji baridi. Hakuachwa na bahari yoyote. Ni mnyama wa maji baridi, na hapa ndipo kwake.

Makosa ya Moore si ujinga. Alikuwa mtu makini, na alimtazama mnyama vizuri. Kosa lilikuwa ndani ya swali lenyewe: ukifanana na wa mahali pengine, basi wewe ni wa mahali pengine, na kukaa kwako hapa ni jambo linalohitaji kuelezwa. Samaki hakuulizwa. Mamba hakuulizwa. Aliyeulizwa ni yule aliyeonekana wa ajabu.

Ndugu msomaji, naamini umeshaona ninakokwenda.

Sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 ilimtaka mtu aonyeshe kwamba wazee wake walitoka katika kabila lililokuwepo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Nani ana karatasi ya 1885? Mipaka yenyewe ilikuwa inachorwa tu, na waliokuwa wanaichora hawakuwahi kuiona. Konyeza wetu angepita, kwa sababu ana Mjerumani wa 1883 wa kumshuhudia. Watu wengi hawana Mjerumani. Sheria ilibadilishwa mwaka 2004, tarehe ikasogezwa hadi uhuru, lakini swali lilikuwa limeshazoea kutembea midomoni mwa watu. Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 13 Agosti, katika kambi ya Gatumba, hapo tu nje ya Bujumbura, wakimbizi Wakongo zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge. Walikuwa wamekimbia mahali ambapo waliambiwa si kwao, wakafia mahali ambapo pia hawakuwa kwao. Kuna wasomaji wa jarida hili wenye watu wao waliozikwa pale. Sitaongeza neno.

Sasa, je, swali la "umetoka wapi" ni baya lenyewe? Hapa sikubaliani na vijana wengine wanaosema tulikatae kabisa. Mkataba wa Geneva wa 1951 unasimama juu ya swali hilo, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 pia: mkimbizi ni mtu aliyelazimika kuwa nje ya nchi yake. Usiposema ulikotoka, hakuna anayeweza kuonyesha kwa nini usirudishwe. Swali hilo limeniwekea paa juu ya kichwa. Kwa hiyo kuna "umetoka wapi" ya ngao, na kuna "umetoka wapi" ya panga, na zote mbili zinatamkwa sawasawa.

Tutazitofautishaje? Nimefikiri muda mrefu, na naona alama ni hii: anayeuliza atafanya nini akishapata jibu? Wa ngao akishajua, anaendelea kuuliza: ulikuwa unafanya kazi gani, watoto wako wapi, nini kinakuogopesha. Jibu linafungua. Wa panga akishajua, amemaliza. Jibu linafunga. Na kuna wa tatu, ambaye hana ubaya wowote, ila ana foleni ndefu na karatasi yenye kisanduku kimoja.

Jirani yangu hapa mjini ni mvuvi mzee. Alizaliwa upande wa Uvira, akavuka na vita ya 1996, na tangu hapo anavua ndagala usiku upande huu. Ukisimama ufukweni giza likiingia unaona taa zao juu ya maji, kama mji mwingine umewashwa huko. Siku moja katika ofisi fulani aliulizwa asili yake. Akaanza kueleza: baba alikuwa Mfipa wa upande wa Tanzania, mama wa Baraka, yeye mwenyewe Uvira, watoto wamezaliwa Buyenzi. Karani akamwambia, "Muzee, neno moja tu." Akajibu, "Basi andika ziwa." Karani akaona anatania, akaandika kwamba asili haijulikani. Na neno hilo, "haijulikani", limemfuata kwenye kila karatasi miaka mingi, kama vile mtu huyu ametokea hewani.

Lakini alikuwa amesema ukweli mtupu. Nchi nne zimegawana maji hayo, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na ukoo wake umeishi kando ya tatu kati yake bila kuliacha ziwa hata mara moja. Kilichokuwa hakijulikani ni namna ya kukiingiza kwenye kisanduku.

Ndiyo maana nilianza na jinsi konyeza anavyokula, anavyopanda na kushuka, anavyochipusha mtoto. Nilitaka mumjue hivyo kwanza, kabla ya kesi yake. Wale wanaofanya mahojiano kambini, najua fomu zina mpangilio wake na si ninyi mliozipanga. Lakini nafasi ya maneno ya ziada huwa ipo, hata pembeni kwa kalamu. Mzee yule angewaambia kwamba ndagala hawaji kwenye taa mwezi ukiwa mkubwa, kwamba siku hizo anashona nyavu na kuwafundisha watoto wa jirani kuzishona, na kwamba anachokiogopa ni upepo wa kusini, si kitu kingine. Yote hayo yangeenea katika mistari mitatu.